Maswali ya Wasomaji: Mtoto "wa picha" na maneno ya Kiingereza

Barua za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zimegongana kwenye jambo moja. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Fizikia zinamsubiri kwa Kiingereza. Maneno mapya yanamiminika kila kipindi, na wazazi na walimu wameambiwa kuwa dawa yake ni picha. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Kwenye semina moja walijazishwa karatasi ya maswali, ikatoka kwamba yeye ni "mwanafunzi wa kuona", na kwamba akifundishwa kwa maneno matupu hatashika kitu. Sasa naambiwa nimnunulie kishikwambi na vitabu vya rangi. Fedha ya korosho haijaingia, na hata ikiingia ina wenyewe. Ninunue?
*Mzazi, Tandahimba*

Kwa sababu hiyo, usinunue.

Karatasi za namna hiyo ziko za aina nyingi. Inayojulikana sana ni dodoso alilolibuni Neil Fleming huko New Zealand mwaka 1987, linalowagawa watu mafungu manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Dodoso linauliza mtu anapenda nini. Binti akijibu kuwa anapenda michoro kuliko maelezo, karatasi inamrudishia jibu lake lile lile likiwa limevishwa jina la kitaalamu. Kwamba anapenda picha ni kweli, hatubishi. Penye ubishi ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa anapenda picha, ndivyo atakavyofaulu, na mwenzake "wa kusikia" afundishwe vingine.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walizipitia tafiti zilizokuwapo wakitafuta ushahidi wa dai hilo. Sharti lao lilikuwa rahisi kueleweka. Wapange wanafunzi kwa aina zao. Kila aina igawanywe tena kwa bahati nasibu, hawa wafundishwe kwa njia hii na wale kwa njia ile. Kisha wote wafanye mtihani mmoja. Kama dai lina ukweli, "wa kuona" wapate zaidi kwa picha na "wa kusikia" wapate zaidi kwa maneno. Tafiti zilizotimiza sharti hilo zilikuwa za kuhesabika, na kadhaa kati yake zilitoa majibu yanayolipinga dai lenyewe.

Picha zenyewe zina faida kubwa. Allan Paivio wa Kanada alieleza tangu mwaka 1971 kwamba neno lililoingia kichwani pamoja na taswira yake lina njia mbili za kukumbukwa, moja ya maneno na moja ya picha. Moja ikiziba, nyingine inabaki wazi. Faida hiyo anaipata binti yako, anaipata na jirani yake wa dawati aliyeandikiwa "wa kusikia". Cha kuangalia ni neno lenyewe. "Anchor" linataka picha kwa kila mtoto. "Probably" halina picha kwa mtoto yeyote.

Lebo ina hasara nyingine. Mtoto akishaaminishwa kuwa ni wa macho, huacha kutamka. Kiingereza hakiandikwi kama kinavyosemwa, kwa hiyo mwanafunzi anayelijua "iron" kwa macho tu hulisikia kwa mwalimu wa Kemia asilitambue kabisa. Mnunulie daftari, penseli, mkasi na kamusi nzuri ya Kiingereza na Kiswahili. Kishikwambi kisubiri msimu mwingine, au kisinunuliwe kabisa.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 70, projekta hakuna, na kuchora sijui. Kila kitabu cha mbinu kinaniambia nitumie picha. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa Kiingereza, Mikindani*

Anzia kwenye orodha ya maneno, Mwalimu, kabla hujashika maki peni. Maneno ya wiki yatenge mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyoweza kuletwa darasani. Kwa Mikindani "net", "rope", "hook", "shell" na "trap" havihitaji mchoro hata mmoja: kipande cha wavu uliochakaa, kamba, ndoana, kombe, na dema dogo vinapatikana kwa kuomba tu. Kitu halisi kinazungushwa madawati yote, kinashikwa, na hakuna anayekikosea. Fungu la pili ni maneno yanayochoreka: "shallow", "pour", "anchor", "float". Fungu la tatu ni yale yasiyochoreka, na hayo usiyapotezee manila. Njia yake iko kwenye barua inayofuata.

Kutojua kuchora kuna faida yake, maana anayejua hujaza mambo. Mchoro wa kadi unataka mistari mitano au sita na jambo moja tu. Chukua "shallow". Ukichora mtu amesimama majini, sehemu ya darasa itaandika kuwa "shallow" ni bahari, wengine kuogelea, wengine kuoga. Mchore mtu wa vijiti maji yakimfika kifundoni, na pembeni mchore yule yule maji yakimfika shingoni, kisha mzungushie duara wa kwanza. Tofauti ya picha mbili ndiyo inayosema neno. Vivyo hivyo kwa "heavy", "narrow", "blunt" na kila neno la sifa: picha moja haitoshi.

Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Mwalimu anaiona picha yake iko wazi kwa sababu neno alilijua kabla ya kuchora. Kabla ya kipindi, mwonyeshe mwanafunzi wa darasa jingine bila kumtajia neno, umuulize anaona nini. Akikupa jibu usilolitarajia, badilisha mchoro. Na kama mchoro hautaki, sema neno kwa Kiswahili uendelee na kazi. Wapo wanaoona kutaja Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni kosa. Sisi hatuoni hivyo. Neno "tide" unaweza kulihangaikia ubaoni robo saa kwa mishale na mwezi. Ukisema "maji kupwa na kujaa", mtoto aliyekulia Mikindani ameshamaliza, kwa sababu jambo lenyewe analijua kuliko kitabu. Kilichobaki ni jina tu.

Vipimo sasa. Kwa darasa lenye urefu wa mita 8 hivi, herufi zisipungue sentimita 5, kwa maki peni nyeusi au ya bluu. Njano haionekani kutoka nyuma. Tumia herufi ndogo za kawaida, kwa kuwa ndivyo neno watakavyolikuta kitabuni. Picha ikae upande mmoja wa kadi na neno upande wa pili. Vikikaa pamoja, mwanafunzi husoma tu, hatafuti chochote kichwani. Kadi za manila zikibandikwa ukutani pwani hujikunja kwa unyevu ndani ya wiki chache, na zilizobandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo huliwa na mende. Zigandamishe kwenye kipande cha boksi, uzihifadhi zimelala chini ya kitu kizito.

Darasani, onyesha picha, tamka neno mara mbili wakisikiliza, watamke wao, ndipo ugeuze waone maandishi. Baada ya maneno matatu au manne, rudi kwenye picha tupu. Inua kadi, hesabu kimya mpaka nne, ndipo utaje jina la wa kujibu. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wamepumzika. Kwa darasa la 70 ni afadhali zaidi kila mmoja aandike jibu kwenye kipande cha karatasi na wote wainue kwa pamoja. Kwa sekunde chache unaona nani ameshika na tahajia ipi inawasumbua. Maneno sita hadi nane mapya yanatosha kipindi cha dakika 40.

Jambo la mwisho, na hili vitabu vingi vinalikosea. Usifundishe siku moja maneno mapya ya jamii moja: "octopus", "squid" na "crab" pamoja, au "liver", "kidney" na "lung" pamoja. Yanaonekana yamepangika vizuri, lakini yanachanganyana, na picha zake zikifanana ndiyo kabisa. Thomas Tinkham alilipima hili mwaka 1993: maneno ya kundi moja yalichukua muda mrefu zaidi kushikwa kuliko maneno yasiyohusiana. Mwaka 1997 akaonyesha kwamba maneno yaliyofungwa na tukio moja hushikwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo panga kwa tukio: "bait", "throw", "deep", "catch", "auction". Safari ya mvuvi kutoka kutia chambo mpaka mnadani, na hakuna neno linalofanana na jirani yake. Pweza aje wiki hii, ngisi wiki ijayo.

Kila neno jipya nalichorea picha kwenye kaunta buku. Nimejaza kurasa nyingi na zinapendeza. Lakini "although" na "therefore" hayachoreki, na hata niliyoyachora, wiki ikipita yamekwenda. Ni kumbukumbu yangu mbovu?
*Mwanafunzi, kidato cha pili, Nachingwea*

Kumbukumbu yako ni nzima, mwanetu. Tazama unavyorudia. Unafungua ukurasa, picha, neno na maana vyote viko mbele yako, unasema "hili nalijua" na kufunua ukurasa mwingine. Macho yametambua, kichwa hakijatoa kitu. Mtihani unataka utoe.

Kuna utafiti wa mwaka 2008 unaotuhusu kwa namna ya kuchekesha kidogo. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana yake kwa Kiingereza, "mashua" likiwamo. Neno likishakumbukwa mara moja, wengine waliendelea kujipima nalo, na wengine waliacha kujipima nalo, hata kama waliendelea kulisoma. Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kujipima waliambulia kama theluthi, na kuendelea kusoma hakukuwasaidia. Yaani wao na Kiswahili walikuwa pale pale ulipo wewe na Kiingereza.

Basi toa picha zako kwenye kaunta buku. Karatasi moja ya A4 ikunje katikati mara tatu, kata kwenye mikunjo, utapata vipande 8 vya takriban sentimita 7 kwa 10. Hayo ni maneno ya siku moja. Upande mmoja weka mchoro wako au maana kwa Kiswahili. Upande wa pili neno la Kiingereza na sentensi fupi yenye neno hilo. Kwa siku tano za shule unapata maneno 40, kwa karatasi tano.

Kisha tafuta boksi la viatu, ulitenge vyumba vitano kwa vipande vya boksi. Ni njia aliyoieneza Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya inaanzia chumba cha kwanza. Chumba hicho unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kila baada ya siku nne, cha nne mara moja kwa wiki, cha tano mara moja kwa wiki mbili. Angalia picha, andika neno kwenye karatasi chakavu, ndipo ugeuze. Ukipatia, pamoja na tahajia, kadi inasogea chumba kinachofuata. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha nne. Nusu kupatia hakuna.

Mambo matatu huivuruga kazi hii. La kwanza ni kugeuza kadi haraka. Vumilia sekunde kumi za kutojua, kwa sababu kule kuhangaika ndiko kunakojenga. La pili ni kutozichanganya kadi: zikikaa mpangilio ule ule, utajikuta unakumbuka foleni yake tu. La tatu ni ulafi. Chumba cha kwanza kikipita kadi 30, simamisha maneno mapya mpaka zipungue.

Kwa neno lisilotaka kukaa, jaribu neno la daraja, njia ambayo Richard Atkinson na Michael Raugh waliipima mwaka 1975 kwa Wamarekani waliojifunza Kirusi. Unatafuta neno la Kiswahili linalolia karibu na la kigeni, unaunganisha maana mbili kwenye picha moja. "Kidney" ni figo, nalo linalia karibu na "kidani". Mchore mwanamke shingoni ana kidani kilichotungwa figo mbili mahali pa vito. Picha ikiwa ya ajabu kidogo ni sawa, mradi vitu viwili viwe vimeshikana. Kidani upande huu na figo upande ule hakisaidii. Tahadhari moja: tamka kwanza Kiingereza chenyewe mara kadhaa, usije ukasema "kidani" mbele ya mwalimu wa Baiolojia.

Tuje kwenye "although". Hapo acha kuchora, andika sentensi yenye pengo: "______ the road was muddy, the bus reached Masasi." Nyuma ya kadi andika neno. Tengeneza kadi tatu za sentensi tatu tofauti kwa neno hilo hilo, vinginevyo utakariri basi la Masasi badala ya neno. Fanya hivyo pia kwa maneno ya amri ya mtihani, na haya yatangulie mengine yote: "state" ni kutaja bila maelezo, "outline" ni kutaja hoja kuu kwa ufupi, "explain" ni kueleza kwa sababu, "distinguish" ni kuonyesha tofauti hoja kwa hoja. Wapo wanaopoteza alama wakiwa somo wanalijua.

Watoto wanaangalia katuni za Kiingereza kwenye simu. Inawasaidia maneno, au ni kupoteza bando?
*Mlezi, Kilwa Masoko*

Inasaidia ikiwa fupi na ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, ili sikio na jicho vikutane kwenye neno moja. Maandishi ya Kiswahili yatawafurahisha zaidi, ila watasoma Kiswahili. Chagueni kipande cha dakika tatu hadi tano. Kiangaliwe mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili kisimamishwe kwenye maneno matano tu. Kisha simu ifungwe na waandike maneno hayo bila kuangalia. Katuni ya saa nzima ni burudani, na haina ubaya ikiitwa hivyo.

Wanafunzi wangu wanachora moyo na jani vizuri kuliko kitabu, lakini nikiwapa mchoro usio na majina wanapotea. Picha wanayo, maneno hawana. Kwa nini?
*Mwalimu wa Baiolojia, Lindi*

Kwa sababu kunakili mchoro ni kazi ya mkono. Mwanafunzi anaweza kuhamisha moyo mzima kutoka kitabuni mpaka daftarini, vivuli na rangi, bila neno moja kupita kichwani. Punguza urembo. Mchoro wa kujifunzia uchorwe kwa penseli bila rangi, usizidi dakika tano, kwa kitabu kilichofungwa. Anachora anachokumbuka, anafungua, anasahihisha kwa kalamu nyekundu, anafunga tena na kuchora upya upande wa pili. Zile alama nyekundu ndizo za kurudia kesho.

Majina yaandikwe pembeni ya sehemu yenyewe kwa mstari ulionyooka wa rula, mistari isikatane. Orodha ya A, B, C chini ya ukurasa inafaa kwa mtihani. Kwa kujifunza inamlazimisha mtoto kupanda na kushuka kwa macho, na akili inaishia kwenye safari hiyo. Kwenye moyo kuna mtego wake: "left ventricle" iko kulia kwa karatasi, kwa kuwa mchoro unamtazama mtu aliyekuelekea. Waambie waweke karatasi kifuani ikitazama mbele, kushoto kwake kutakuwa kushoto kwao. Na wawe na alama ya uhakika: ukuta wa "left ventricle" ni mnene, maana unasukuma damu mwili mzima.

Zaidi ya hapo, badilisha mchoro. Wanaozoea picha moja ya kitabu hukariri mahali pa neno kwenye ukurasa. Wape jani lililogeuzwa juu chini, au nusu ya moyo, au jani halisi la mkorosho waonyeshe "midrib" na "petiole" kwa kidole. Kwa maneno ya mchakato, mwenzako wa Kemia ana zana kubwa pwani hii: majaruba ya chumvi. Picha nne za mfuatano, maji ya bahari yakiingia, jua, maji yakipungua, fuwele zikibaki, zinabeba "solution", "evaporation", "saturated" na "crystals" kwa mpangilio unaoeleweka. Awachanganyie picha hizo, wazipange, kisha wazisimulie kwa Kiingereza bila kuangalia daftari.

Mwanangu wa darasa la sita hanakili ubaoni, ila akisomewa anaelewa haraka. Mwalimu amesema ni mtoto wa kusikia, tusimlazimishe. Ni kweli?
*Mzazi, Ruangwa*

Kabla ya yote mpeleke akapimwe macho. Mtoto asiyeona mbali vizuri hufanana kabisa na huyo: hujifunza kwa masikio kwa sababu ubao hausomeki. Nyumbani mjaribu hivi: andika herufi chache za urefu wa sentimita 2 hivi, bandika ukutani penye mwanga, asimame hatua nane nyuma na kusoma kwa jicho moja, kisha jingine, ukimlinganisha na ndugu yake. Angalia pia kama anakunja macho, anasogeza daftari puani, au ananakili kwa jirani badala ya ubaoni. Akisoma vizuri nyumbani bado apimwe, kwa kuwa jaribio hilo halioni kila kasoro. Muulizie kliniki ya macho kwenye hospitali ya wilaya; kama hapo hakuna huduma hiyo, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Wakati mnasubiri, mwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele katikati, mbali na dirisha linalong'arisha ubao.